Umempimaje Kocha wa Mwanao?

Barabara ya Ngong inazitenganisha Kibera na Kawangware, lakini Jumamosi asubuhi mitaa hii miwili ya Nairobi hufanana. Penye kipande cha ardhi ambacho hakijajengwa pana watoto, pana mpira, na pana mtu mzima mwenye kipenga. Watu hao tumewazoea. Tunawaita kocha, tunawakabidhi watoto wetu kwa saa nyingi, na ni nadra kuwauliza wanawafanyia nini hasa. Mchezo wenyewe ni soka, na kwa soka kila mtu ni mjuzi: timu ikishinda kocha ni hodari, ikishindwa afukuzwe.

Lakrosi imenilazimisha nilitazame upya jambo hili. Ni mchezo wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, unaochezwa kwa fimbo yenye kikapu cha nyuzi kichwani. Mpira mdogo wa raba hudakwa, hubebwa na kurushwa kwa fimbo hiyo. Nchini Kenya bado ni mchezo mchanga. Hata hivyo, Agosti 2019 wasichana wetu wa chini ya miaka 19 walikuwa miongoni mwa timu 22 zilizoshindania ubingwa wa dunia mjini Peterborough, Canada. Majirani zetu wa Uganda walitangulia kwa upande wa wanaume: Denver, mwaka 2014, wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kufika kwenye mashindano ya dunia. Kisha Oktoba 2023, katika kikao cha Mumbai, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakubali lakrosi ichezwe Los Angeles 2028. Mara ya mwisho mchezo huo kutoa medali za Olimpiki ilikuwa London 1908.

Mchezo wenye nafasi Olimpiki na wachezaji wachache nchini ni mlango uliofunguka kwa mtoto wa mtaani. Walaghai nao wanauona. Mzazi ambaye hajawahi kuutazama hata mara moja atamtambuaje kocha anayemjenga mtoto, na atamtambuaje anayemtumia?

Swali hilo nimeliweka mbele ya watu wanne. Wao nimewatunga, lakini hoja zao husikika kando ya viwanja kila wiki. Kuna mama anayeuza mboga Kawangware, kocha wa soka wa Kibera, mwalimu wa shule ya msingi, na binti aliyecheza lakrosi hadi alipomaliza sekondari. Mimi nimeingilia mahali pachache tu.

MAMA: Niseme wazi, mchezo huu siujui. Nauza sukuma na nyanya pale stendi ya 46, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya soko. Kijana wangu ana miaka 11. Amerudi nyumbani akaniambia kuna mchezo wa fimbo, na eti watakaofanya vizuri watapanda ndege. Ingekuwa soka ningeuliza wanaume wa ploti, kila mmoja angekuwa na jibu. Kwa hili sina wa kumuuliza. Nitajuaje kama huyo kocha anaijua kazi yake?

KOCHA: Mama, mchezo uwe wa fimbo au wa miguu, angalia matokeo. Timu inashinda ama haishindi? Mimi nina makabati mawili ya vikombe nyumbani, mke wangu amechoka kuyapangusa. Vikombe hivyo ndivyo vilivyoleta mipira, ndivyo vilivyoleta jezi. Mfadhili akija Kibera haulizi kama watoto wanajua kutumia mguu wa kushoto. Anauliza mmeshinda nini mwaka huu, halafu anataka picha.

MWALIMU: Na kikombe cha watoto wa chini ya miaka 12, kocha, kinapima nini?

KOCHA: Kinapima kazi.

MWALIMU: Kinapima nani amebalehe mapema. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Canada walichunguza wachezaji wa magongo ya barafuni wakakuta kwamba waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wamejaa kwenye timu bora kupita kiasi. Hawakuwa na kipaji zaidi. Umri ulikatwa Januari mosi, kwa hiyo mtoto wa Januari alikuwa na karibu mwaka mzima wa kukua kumzidi wa Desemba, kocha akaona misuli akadhani ni kipaji. Akampa muda zaidi uwanjani, na kweli akawa bora. Hiyo ni Canada, kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa. Njoo kwetu, ambako tunajua jinsi umri unavyopunguzwa wiki moja kabla ya mashindano. Kocha anayetaka kikombe leo atachukua wale wakubwa, na wale wadogo watabeba mifuko. Mtoto mdogo mwenye akili ya mchezo atabeba mifuko miaka miwili, wa tatu humwoni.

KOCHA: Mwalimu, wewe una mshahara. Unaweza kungoja mtoto akue. Mimi nisiposhinda, mwezi wa sita sina mpira wa kuwafundishia. Halafu kuna jambo ambalo watu wa vitabu hamlisemi: mtoto anayefungwa kila Jumamosi huacha. Nimewaona. Kushinda ni chakula cha moyo.

MAMA: Hapo kocha amesema kweli. Wangu akifungwa hali.

MWALIMU: Kushinda sikukatazi. Ninakataa kikombe kiwe ndicho kipimo.

MWANDISHI: Hapa nasimama na mwalimu, ila simdharau kocha. Anayefundisha bure na kununua mipira kwa pesa yake amejengewa mfumo unaomlipa kwa picha ya kikombe. Tukitaka afanye tofauti, lazima kuwe na kitu kingine kinachomlipa. Lakini kwanza mama ajibiwe, maana bado hajui atazame nini.

MCHEZAJI: Mama, acha nikueleze mazoezi mawili niliyoyaona kwa macho. Yote mawili yalikuwa na watoto 40 hivi na fimbo 14, kwa sababu fimbo ni ghali na hazitengenezwi hapa.

Kocha wa kwanza aliwapanga mstari mmoja mbele ya goli. Mtoto anapewa fimbo, anarusha, anamkabidhi wa nyuma yake, anarudi mkiani. Ukisimama mbali panapendeza: kuna kelele, mipira inaingia wavuni, kocha anapiga makofi. Mimi nikaamua kumfuata mtoto mmoja tu, msichana mwenye sweta ya kijani ya shule. Katika nusu saa alirusha mara tatu. Muda mwingine wote alikuwa kwenye foleni akivuta uzi wa sweta. Zile fimbo nyingine zilikuwa zimelala chini kando ya mfuko wa kocha, kwa sababu goli ni moja.

Kocha wa pili aliwagawa watatu watatu kwa kila fimbo. Mmoja ana fimbo, wa pili anamviringishia mpira kwa mkono, wa tatu anahesabu kwa sauti mipira iliyookotwa vizuri. Kila dakika mbili wanabadilishana. Hapakuwa na goli kabisa. Vumbi lilikuwa jingi na kelele ilikuwa ya kuhesabu. Mtoto mmoja alikuwa anauinamia mpira kwa kiuno, magoti yamenyooka, na kila akijaribu kuuokota unamkimbia. Kocha hakumfokea. Alichuchumaa kando yake akamwambia kitu kimoja: shusha mkono wa nyuma, karibu uguse ardhi. Mpira wa chini huokotwa na fimbo iliyolala. Ukiisimamisha, unausukuma tu mbele. Mtoto akaushusha mkono, mpira ukaingia. Kocha akaondoka. Hakuongeza la pili wala la tatu. Alirudi baadaye, akakuta mkono umepanda tena, akamkumbusha lile lile.

MAMA: Kwa hiyo nihesabu mwanangu ameugusa mpira mara ngapi.

MCHEZAJI: Hilo la kwanza. La pili, angalia mikono. Kila mtoto ana mkono anaoupenda. Katika lakrosi, beki akishajua kwamba hujui kurusha kwa kushoto, amekumaliza: anakuzibia kulia na huna pa kwenda. Kwenye mechi ya watoto huwezi kuliona hilo, kwa sababu mabeki nao ni watoto, mwenye kulia kikali atafunga mabao manane na kocha atasifiwa. Miaka minne baadaye anakutana na beki wa kweli na hana cha kufanya. Kocha mzuri humlazimisha huyo mfungaji atumie kushoto kwenye mechi anayoweza kuishinda kwa kulia. Wakati mwingine timu inafungwa kwa ajili hiyo, na wazazi wanamlaumu.

KOCHA: Hata mimi ningemlaumu.

MCHEZAJI: Najua, kocha. Lakini huyo mtoto ndiye atakayebaki na kitu.

MAMA: Na mazoezi ya nyumbani? Wangu anashinda anarusha mawe.

MCHEZAJI: Huko Marekani mtoto hupewa kazi ya ukuta: anasimama mbele ya ukuta, anarusha, anadaka, mamia ya mara, mkono huu na mkono ule. Sisi nyumba ni za mabati na udongo. Ukiurusha mpira wa raba mara moja, jirani ametoka, na ana haki, kwa sababu mtoto wake amelala upande wa pili. Kocha wetu alizunguka akitafuta ukuta wa mawe hadi kanisa moja likakubali, saa kumi na moja jioni kwa nusu saa, kwa sharti kwamba tufagie ua. Hilo mimi nalihesabu kuwa ukocha. Mtu anayejua kwamba zoezi fulani linahitaji ukuta, na anajua kwamba watoto wake hawana ukuta, akautafuta.

MWALIMU: Na umeona, mama, mpaka sasa hakuna lililokuhitaji ujue sheria za mchezo. Ningekuongezea hili: kocha mwenyewe si lazima awe nyota wa zamani. Kenya tuna mfano mkubwa. Colm O'Connell alikuja kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia St Patrick's, Iten. Hakuwa mwanariadha, wala hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Mwanafunzi wa shule ile, Peter Rono, akashinda mita 1500 Seoul mwaka 1988. Baadaye David Rudisha akapita mikononi mwake tangu ujana hadi zile mbio zake za dakika 1 na sekunde 40.91 za London 2012. Kilichomfikisha hapo ni kutazama. Alikaa kando ya uwanja miaka na miaka akitazama watoto wanavyokanyaga, mabega yanavyokaa, na hakuwa na haraka nao. Makocha wetu wengi wa lakrosi wameujua mchezo miaka michache kabla ya watoto wanaowafundisha. Si aibu, mradi wawe watu wa kutazama na kujifunza.

KOCHA: Mwalimu, nakuheshimu, lakini huo mfano hauji Kibera. O'Connell alikuwa na shule ya bweni. Mtoto amelala kitandani, amekunywa uji, amekula githeri, kesho yuko pale pale. Halafu ni Iten, juu milimani, na watoto wanaotoka vijiji vinavyojua kukimbia. Mimi mtoto ananijia saa kumi jioni hajatia kitu kinywani tangu chai ya asubuhi. Leo yuko Laini Saba, mwezi ujao mama ameshindwa na kodi wamehamia Kayole. Unaniambia nitazame mabega?

MAMA: Kocha, hapo nakuunga mkono.

MWALIMU: Na mimi nakuunga mkono, nusu. Kile ambacho O'Connell alipewa na bweni, wewe unakitafuta mwenyewe. Nakuuliza swali, na sikutegi: mtoto akifika hajala, wewe unajua?

KOCHA: Najua. Anakuwa na hasira. Anacheza vizuri dakika kumi, halafu anaanza kusukuma wenzake. Zamani nilikuwa namtoa nje kwa utovu wa nidhamu. Siku hizi naangalia midomo kwanza. Nina mama mmoja wa chapati, ananiandikia deni.

MCHEZAJI: Hilo deni la chapati lina thamani zaidi kuliko makabati yote mawili ya vikombe.

KOCHA: Mfadhili haliandiki kwenye ripoti.

MWANDISHI: Nimeyaacha maneno hayo yasimame kwa sababu ndiyo kiini cha ugomvi wetu. Tunawataka makocha wa mitaa wafanye kazi isiyoonekana, halafu tunawapima kwa inayoonekana. Kocha wetu huyu ana ujuzi wa kusoma njaa kwenye midomo ya mtoto, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumpongeza kwa hilo.

MWALIMU: Kuna waliojaribu kubadilisha hesabu. Mathare, mwaka 1987, Bob Munro alianzisha chama cha michezo cha vijana, MYSA. Timu zilipata alama za ligi kwa kushinda mechi, na zikapata nyingine kwa kusafisha mtaa: kuzoa taka, kuzibua mitaro. Kulikuwa na kadi ya kijani, alipewa mchezaji aliyeonyesha uungwana zaidi uwanjani. Na vijana waliojitolea kufundisha wadogo walikusanya alama za kazi yao, na alama hizo zikageuka karo inayolipwa moja kwa moja shuleni. Angalia ujanja ulivyo hapo: kijana wa miaka 16 anayefundisha watoto wa miaka 10 halipwi kwa kushinda, analipwa kwa kufika, kupanga, kufundisha. Na usiniambie kwamba mpira ulikufa. Katika mti huo huo ilizaliwa Mathare United, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya.

KOCHA: Baada ya miaka 21. Na kulikuwa na pesa za kutoka Norway.

MWALIMU: Ndiyo. Miaka 21. Sijasema ni haraka.

KOCHA: Hata Kibera tuna yetu. Carolina for Kibera walianza 2001 na ligi, wakaweka sharti kwamba timu iwe ya makabila mchanganyiko. Watu walinung'unika wakati huo. Ilipofika mwanzo wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, mtaa unawaka, tulielewa kwa nini mtoto wa Gatwekera anafaa kuwa na rafiki wa Laini Saba anayemjua kwa jina. Sisemi ligi ilizuia kitu, watu walikufa. Lakini kocha anayechagua timu ya kabila lake mimi siwezi kumwita kocha.

MAMA: Hilo ni la kuandika. Sasa turudi kwenye ndege.

MWALIMU: Ndege ipi, mama?

MAMA: Ile wanayoahidiwa. Mkubwa wangu alikuwa kwenye akademia moja ya mpira, jina sitalitaja. Akaja mtu na karatasi zenye mihuri, akasema kuna majaribio ng'ambo, kila mzazi alete pesa ya pasipoti na ya viza. Nilichukua mkopo kwenye chama. Pasipoti ilitoka, akakaa nayo yeye. Simu ikazimwa. Kijana wangu alikuwa ameaga darasa zima. Aliacha mpira, na karibu aache shule kwa aibu. Kwa hiyo mtu akiniambia mchezo huu una Olimpiki, mimi ninashika mkoba wangu.

MCHEZAJI: Shika, mama. Na katika lakrosi hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu kweli iko karibu na uongo. Wachezaji ni wachache nchini, kwa hiyo ni kweli kwamba msichana wa miaka 17 mwenye bidii anaweza kuvaa jezi ya taifa mapema kuliko mwenzake wa soka. Wale wa 2019 walifika Canada kweli. Ndiyo maana anayedanganya husikilizwa. Mimi kipimo changu ni hiki: kocha anayeanza na safari, muogope. Mzuri hutaja safari mwisho, tena mbele ya wazazi wote, na anasema nani analipa nini. Pesa ikitoka, risiti. Pasipoti ikitoka, inakaa kwako nyumbani.

MWALIMU: Na mwulize swali moja: wale ambao hawatachaguliwa utawafanyia nini Jumatatu inayofuata? Kati ya watoto 40, labda mmoja atasafiri. Kocha asiye na jibu kwa wale 39 hajapanga kuwafundisha. Amepanga kuwachuja.

KOCHA: Hilo ni kali.

MWALIMU: Ni kali kwa sababu hao 39 pia wamenunuliwa viatu na mama zao.

MCHEZAJI: Kuna jingine ambalo kwa wasichana haliwezi kungoja. Mama, ukifika uwanjani, tafuta mwanamke. Mtu mzima mwanamke, mwenye kazi pale, hata kama ni kuandika majina na kutunza maji. Uliza wanabadilishia nguo wapi. Uliza choo kiko wapi. Uliza mazoezi yanaisha saa ngapi. Ikifika saa kumi na mbili na nusu na msichana bado yuko njiani kuja Kianda peke yake, kocha huyo hajapanga vizuri hata kama anajua lakrosi yote. Kocha anayemwita mtoto nyumbani kwake, anayempigia simu usiku, anayempa zawadi asizowapa wengine, usingoje ushahidi wa pili. Mtoe mtoto, na uende ukaripoti. Tuna Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 na Sheria ya Watoto ya 2022. Zitumike.

MAMA: Si kuna kile cheti cha tabia njema cha polisi wa upelelezi, DCI?

MCHEZAJI: Kiombe, ni haki yako. Lakini cheti kinasema hajawahi kupatikana na hatia. Hakisemi kesho atafanya nini. Kocha safi hufanya kila kitu mahali ambapo wengine wanaona, na haoni vibaya ukija bila kumjulisha. Kocha wangu alikuwa anasema mzazi yeyote aje siku yoyote. Wengi hawakuja.

MWALIMU: Kibera ina shule iliyozaliwa kwa mtu kuwachukulia wasichana hivyo. Abdul Kassim alianza na timu ya soka ya wasichana mwaka 2002. Akaona wachezaji wanapotea mmoja mmoja: mmoja amekosa karo, mwingine ameolewa. Mwaka 2006 timu ikawa sekondari ya bure, Kibera Girls Soccer Academy. Kocha aliyekuwa akihesabu mabao asingeona wanaopotea. Yeye aliona kwa sababu alikuwa anahesabu watu.

MAMA: Na kuumia? Huo mpira nimeushika, ni mgumu.

MCHEZAJI: Ni raba ngumu, ukikupata usoni utaujua. Wavulana huvaa helmeti na glavu, wasichana huvaa miwani ya kinga na kinga ya meno, na sheria zao haziruhusu kugongana miili. Kama vifaa havijafika, kocha mzuri hatumii huo mpira. Anatumia mpira wa tenisi. Unadunda vibaya na kikapu hakiushiki sawasawa, lakini jicho la mtoto lina thamani zaidi. Ukisikia kocha anasema vifaa viko bandarini, tuanze tu hivyo hivyo, chukua mwanao.

KOCHA: Mimi nina malalamiko yangu. Hawa watu wa fimbo wamenichukulia mawinga wawili. Jumanne hawaji kwangu, wako kwao. Nimewaambia wachague.

MCHEZAJI: Wana miaka mingapi?

KOCHA: Mmoja 12, mwingine 13.

MCHEZAJI: Kwa nini wachague wakiwa na miaka 12?

KOCHA: Kwa sababu mimi ndiye niliyewalea!

MWANDISHI: Niliposikia sentensi hiyo nilijua kwamba tumefika mahali pagumu, maana ina ukweli ndani yake. Kocha aliwalea. Aliwanunulia chapati. Hata hivyo watoto si wake, na kipimo cha kocha ambacho mimi ningekitanguliza kuliko vyote ni kama anaweza kumwachia mtoto aende anakotakiwa kwenda.

MWALIMU: Kocha, hao mawinga hujawapoteza. Mtindo utakaochezwa Los Angeles ni wa wachezaji sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, uwanja wa mita 70 kwa 36, robo nne za dakika nane. Hakuna pa kujificha: kila mtu anashambulia, kila mtu anakaba, na mpira ukipotea unageuka na kukimbia. Huyo winga wako atarudi kwako akiwa anajua kugeuka na kukaba. Anachojifunza kwako kuhusu kutafuta nafasi anakipeleka kule. Mkae chini na huyo kocha wa fimbo mgawane siku.

KOCHA: Hajawahi kunijia.

MCHEZAJI: Hata wewe hujamwendea.

KOCHA: Sawa. Nitamwendea. Lakini na ninyi mnisikie. Mmemfundisha mama kumpima kocha: mikono miwili, foleni, choo, risiti, wale 39. Vizuri. Sasa nani anampima mzazi? Nina watoto 60 kwenye orodha. Msimu uliopita wazazi waliowahi kusimama kando ya uwanja wangu kwa mazoezi, si mechi, mazoezi, ni wanne. Mkitaka niache kukimbilia vikombe, mfadhili akija niwe na kitu kingine cha kumwonyesha, na niwe na watu watakaosimama pamoja nami niseme tulifungwa fainali kwa sababu tulichezesha kila mtoto. Nikisimama peke yangu, atakwenda kwa jirani yangu mwenye kikombe.

MWALIMU: Una daftari la mahudhurio?

KOCHA: Liko kichwani.

MWALIMU: Liandike. Jina, tarehe, nani amekuja, nani hajaonekana wiki tatu na sababu yake. Mtoto aliyekuwa hawezi kupiga pasi Januari na sasa anaweza, andika. Miaka miwili ya daftari hilo ndiyo ripoti. Mfadhili asiyeitaka hakuja kwa ajili ya watoto.

KOCHA: Na yule asiyeitaka ndiye mwenye mipira.

MAMA: Mipira ni pesa ngapi? Tukiwa wazazi 60, kila mmoja 50 kwa mwezi, si ni elfu tatu? Mimi hiyo naiweza. Lakini niione kwenye kitabu, kila mwezi, na kitabu akishike mzazi.

KOCHA: Hamtalipa wote.

MAMA: Hatutalipa wote. Thelathini wakilipa ni elfu moja mia tano. Umewahi kuipata kwa mfadhili kila mwezi?

KOCHA: Bado.

MAMA: Basi kwako nitaanza na kikao cha wazazi. Kwa huyo wa fimbo nitakwenda Jumamosi hii, soko nitamwachia dada yangu hadi saa nne. Nitamtazama wangu peke yake nusu saa. Akishika fimbo mara tatu tu, narudi naye.

MCHEZAJI: Na akishika mara nyingi?

MAMA: Nitamuuliza kocha anaitwa nani mama yake huyu mtoto. Akijua, tutaongea.